Mikono Iliyolala Njia ya Komanda

Pikipiki sikuiomba. Nalisema hilo mapema kwa sababu mpaka leo mtaani kwetu Shari wapo wanaodai niliitaka kwa kiburi, eti mke wa mwalimu alitamani kupita mjini akiwatimulia wenzake vumbi. Ililetwa nyumbani kwa uamuzi wa daktari wetu mkuu, mtu mpole ambaye akishaamua jambo hutazama dirishani ili usipate pa kumjibu. Mimi nilikuwa mkunga katika nyumba ya uzazi ya kanisa hapa Bunia, na tulikuwa na vituo vidogo njiani hadi Komanda. Gari letu lilichukuliwa na watu wenye silaha mara ya kwanza mji ulipobadili mabwana. Tulipoliona tena halikuwa na milango, wala halikuwa letu. Ikabaki pikipiki moja. Wanaume wa kazini waliogopa kwenda nayo mbali, na siwalaumu, maana miaka ile ya vita mwanamume juu ya pikipiki alionekana kwenye kila barieri, vizuizi vya wenye silaha njiani, kuwa mpiganaji wa upande mwingine. Daktari akasema mwanamke aliyevaa blauzi nyeupe ya kazi atapita. Kisha akatazama dirishani.

Mume wangu ndiye aliyenifundisha, kwenye uwanja wa shule, siku ambazo wanafunzi walikuwa wamerudishwa makwao kwa sababu ya milio ya risasi. Yeye mwenyewe aliendesha vibaya, lakini mwalimu ni mwalimu, hawezi kuona mtu hajui akanyamaza. Alikimbia pembeni yangu akinipigia kelele za klachi na gea, shati likitoka ndani ya suruali, mpaka alipochoka akakaa chini ya dirisha la darasa la tatu. Niliendelea kuzunguka peke yangu. Nilianguka vya kutosha, nikapata kovu gotini ambalo ninalo bado, na juma lililofuata nilikuwa barabarani.

Nitasema kweli, niliipenda ile njia. Watu wakisikia neno vita hudhani tulilia kila siku. Tulilia siku za kulia, na siku nyingine tulipika, tukagombana, tukasuka nywele. Nilitoka Bunia asubuhi, majani ya vilima yakiwa bado na umande, nikapita akina mama waliobeba parachichi kwenda sokoni, nikawapungia nao wakanipungia. Huko mbele vilima vinashuka, miti inaongezeka, na ukikaribia Komanda unaanza kusikia harufu ya mbao mbichi na mafuta ya mawese kabla hujaona nyumba. Komanda ni njia panda. Malori yanalala pale, na wakati ule watu wengi waliokimbia Bunia walilala pale pia. Kituo chetu kilikuwa chumba cha mbao nyuma ya maegesho ya malori, chenye kitanda kimoja na benchi moja, na kila nilipofika benchi lilikuwa limejaa matumbo. Nikimaliza kazi nilifunga mkungu wa ndizi nyuma ya kiti nikarudi nyumbani kabla giza halijaingia, maana jioni njia ile haikuwa ya mtu mwenye akili.

Basi katika raha hiyo mikono yangu ikaanza kufa ganzi.

Kilianza kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kiliwasha kwanza, kisha kikanyamaza. Safari iliyofuata kikamvuta jirani yake, halafu ganzi ikahamia mkono wa kulia, na baada ya miezi michache nikawa nafika Komanda sina vidole kabisa, nina vipande vya nyama vinavyoning'inia mwisho wa mikono. Nyumbani nilivunja vikombe. Nilimwaga uji. Asubuhi baada ya safari mume wangu alinifunga vifungo vya blauzi kama mtoto wa shule ya chekechea, na alifanya hivyo kwa furaha ambayo haikunipendeza hata kidogo.

Kwa mtu mwingine ingekuwa kero tu. Kwangu ilikuwa hatari, kwa kuwa mkunga ni vidole. Hatukuwa na mashine za kuonyesha mtoto tumboni. Tulikuwa na kile kikombe cha mti cha kusikilizia moyo, na tulikuwa na mikono. Unaweka kiganja juu ya tumbo, unatafuta. Kichwa ni kigumu, na ukikisukuma kidogo kinacheza peke yake. Matako ni laini, na ukiyasukuma mwili wote unafuata. Mgongo unateleza chini ya mkono, viguu vinakugonga upande wa pili. Nilikuwa nimeijua kazi hiyo kwa miaka, nikaipenda, na sasa nilikuwa nafika mbele ya mama mja mzito nikigusa tumbo ambalo vidole vyangu havikuniambia chochote.

Bunia haina mtu asiye na dawa. Waendesha pikipiki waliokaa sokoni walinicheka kwanza, kisha wakaniita. Vishikio vya pikipiki yako ni vyembamba na vigumu, walisema, ndiyo sababu vinakutetemesha. Wakakata mpira wa ndani wa tairi kuukuu, wakavizungushia vishikio tabaka juu ya tabaka, wakavuta mpaka mpira ukalia. Vikawa vinene kama mihogo ya kuchomwa. Mimi nina mikono midogo. Nilivishika kwa shida, vidole havikukutana upande wa pili, na ili visinitoroke nililazimika kuvibana kwa nguvu zote kutoka Shari mpaka Komanda. Ganzi ikawahi kunifikia kuliko zamani. Wao wakasema bado mpira hautoshi.

Wenzangu wa nyumba ya uzazi walikuwa na dawa yao. Sisi wauguzi wa huku, ugonjwa usiochomwa sindano kwetu haujatibiwa. Mwenzangu mmoja alisema ganzi ni upungufu wa vitamini B, na mimi nilikubali haraka kwa sababu ningemwambia mgonjwa wangu hivyo hivyo. Alinichoma upande wa kulia, kesho yake upande wa kushoto, na siku iliyofuata nikapanda pikipiki kwenda Komanda. Nilifika bila mikono na bila makalio. Ile safari niliendesha nimesimama nusu ya njia, na wanawake wa barabarani waliniuliza kama kuna nyuki ndani ya kiti.

Mume wangu akashauri maji ya moto yenye chumvi. Jirani akaleta mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi. Mchungaji akaniombea, tena vizuri, akiwa ameishika mikono yangu miwili ndani ya yake. Niliitikia amina na sikusikia joto la mikono yake.

Siku moja mikono hiyo nusura initie matatani kweli. Kulikuwa na barieri, kamba iliyofungwa vipande vya mfuko wa plastiki, na nyuma yake wapiganaji ambao sikuwazoea. Waliokuwa pale juma lililopita walikuwa wameondoka au wameondolewa. Nilisimama. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi ndevuni, aliniambia niinue mikono. Nilitaka. Nikaamrisha vidole vifunguke, vikabaki vimeng'ang'ania vishikio. Akarudia, safari hii akiishusha bunduki begani.

"Inakatala, baba," nilimwambia. "Mikono imelala."

Alinitazama kwa muda ambao nisingependa kuupima. Kisha akaning'iniza bunduki mgongoni, akaja, akavifungua vidole vyangu kimoja kimoja kwa mkono wake, akaanza kucheka. Akawaita wenzake waje kuona. Nikacheka nao, nini tena ningefanya. Nilipofika nyumbani nilimsimulia mume wangu kama kichekesho, naye hakucheka. Akasema kesho yake atanisindikiza kwa daktari tukarudishe ufunguo wa pikipiki. Nikamwambia nikirudisha ufunguo hakuna mtu mwingine atakayeuchukua, na benchi la Komanda litabaki na wanawake wanaongoja. Aliinuka akaenda kukoroga mkaa ambao haukuhitaji kukorogwa.

Sasa nimseme mwanamke mmoja wa benchi hilo. Alikuwa kijana, mtu wa Bunia aliyekimbilia Komanda na mume wake, na mume alikuwa amepata kazi ya kupasua mbao msituni. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imefia tumboni wakati wa kukimbia. Alitembea nayo siku kadhaa akiwa hajui, na watu njiani, kwa nia njema, walimwambia mtoto ni mzima, amelala tu kwa uchovu. Sasa alikuwa na mimba ya pili na alikuja kila nilipokuja. Hakusema mengi. Alilala kitandani, akafunua tumbo, akaangalia uso wangu.

Safari iliyofuata kisa cha barieri nilifika mchana, mikono imekufa. Sikuweza kungoja ifufuke, maana ilichukua saa nyingi na barabara ingenifungia. Nikanawa maji ya vuguvugu, nikasugua, nikaanza kazi. Wengine niliwapima kwa kubahatisha na kwa macho na kwa kikombe cha mti. Zamu yake ilipofika niliweka viganja vyote viwili juu ya tumbo lake.

"Mutoto anacheza," alisema.

Nami nikamuuliza, "Wapi?"

Ni neno dogo sana. Nilijua nimekosea kabla halijamaliza kutoka. Aliacha kupumua. Akainua kichwa, akaitazama mikono yangu, akasema polepole, "Hapo. Chini ya mukono yako."

Nilimweleza yote, pikipiki, safari ndefu, ganzi. Akauliza kama mikono ya mganga nayo hufa. Nikachukua kikombe cha mti, nikaweka sikio, na moyo wa mtoto ulikuwapo, mwepesi na mzuri kabisa, nikamwambia. Hakufurahi. Alijifunika kitenge, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ile ya muti ni weye peke yako unasikia," alisema. "Mimba ya kwanza pia walisemaka mutoto iko muzima. Mukono, mi naona ku sura yako kama unasikia."

Akaniomba nirudi na mikono yenye inasikia. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kumjibu.

Nilirudi Bunia siku ile nikiwa na mkungu wangu wa ndizi na kichwa kizito. Niliwahi kuona mwanamke akizaa huku akiamini kwamba kilicho ndani kimekufa. Hasukumi. Anakuachia mwili wake uufanye utakavyo, uchungu unalala, na mtoto aliyekuwa mzima anachoka njiani. Huyu wa Komanda alikuwa anaelekea huko, na moyo wa mtoto wake ulikuwa unapiga vizuri kuliko wangu. Maneno yangu hayangemsaidia. Alitaka kuona uso wa mtu ambaye mkono wake umemsikia mwanawe. Nikajipa safari moja tu. Ikiwa safari ijayo nitafika na mikono mifu tena, nitarudisha ufunguo, tumtafutie mkunga mwingine hata kama ni wa kutoka Beni.

Nyumbani kwetu wakati ule alikuwapo dada mkubwa wa mume wangu. Alikuwa amekimbia kutoka Djugu na watoto wake na kuku mmoja. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wifi yangu alilichukua jembe siku ya kwanza bila kupewa, akalima bustani yote, kisha akaingia jikoni akaanza kunifundisha kupika. Alikuwa na ulimi mkali. Mimi wangu pia si wa maziwa. Tuligombana kuhusu chumvi, kuhusu kuni, kuhusu namna ya kukunja kitenge, na tukapendana sana.

Asubuhi baada ya safari ile tulikuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo. Sisi wawili, kinu kimoja, michi miwili, kama tulivyofanya kila juma. Ni kazi ya kupokezana. Wangu unashuka wako ukipanda, na ukichelewa kidogo michi inagongana na majani yanaruka usoni. Wanawake wenye mbwembwe huurusha mchi juu, wanapiga kofi moja hewani, wanaudaka. Wifi yangu alikuwa na mbwembwe hizo hata ukimbizini. Siku ile mimi nilikuwa naharibu. Mikono ilikuwa bado nusu imelala na mawazo yalikuwa Komanda. Michi yetu iligongana mara ya kwanza, akaendelea kutwanga. Iligongana tena.

"Wifi," akasema, "unakamata muchi sawa vile watu wanakamata mwizi. Acha ianguke peke yake."

Kisha akaendelea na habari nyingine, kuhusu kuku wake aliyekataa kutaga, nadhani. Hakuwa amenifundisha kitu. Alikuwa ananisuta, kama kawaida yake. Lakini mimi nilisimama na mchi mkononi. Nilikuwa nimetwanga tangu utoto, vinu na vinu vya sombe, mihogo, mahindi, na mchi ule ni mzito na kila unaposhuka unatikisa mkono mpaka begani. Mbona mikono yangu haikuwahi kufa kwa kutwanga? Nikatwanga tena polepole nikiitazama. Kweli, hakuna mwanamke anayeushika mchi wakati unaanguka. Unauinua kwa mgongo na mapaja, unaufungulia mkono, unaanguka kwa uzito wake, na wewe unaufuata tu kwa vidole ili usipotee njia. Ukiubana, kishindo chote kinakuingia wewe.

Nikauacha mchi ndani ya kinu, nikaenda kuipanda pikipiki pale upenuni, imezimwa, mikono yangu ikiwa ya kijani kwa sombe. Nikashika vishikio kama ninavyovishika barabarani. Mabega yalipanda yenyewe hadi masikioni. Viwiko vilikakamaa. Viganja vilisukuma mbele kana kwamba naizuia pikipiki isinirukie. Na yote hayo pikipiki ikiwa imesimama, hakuna hata jiwe moja chini ya tairi. Wifi alikuwa anapiga kelele kwamba sombe haijitwangi. Nami nilikuwa nimekaa pale nimefurahi kama mtu aliyeona pete yake iliyopotea.

Kilichokuwa kinaibana pikipiki hakikuwa mikono yangu peke yake, ilikuwa ni hofu. Nilipotoka nyumbani nilikuwa naanza kuishika barieri ya kwanza kabla sijaifikia, na nikishapita ya kwanza naanza kuishika ya pili. Mdomoni nilikuwa jasiri, nacheka na akina mama wa parachichi. Hofu ilipokosa nafasi usoni ikaenda kukaa mikononi.

Nilichukua kisu cha jikoni nikakata ule mpira wote wa wataalamu wa sokoni, vipande vikaanguka miguuni. Kisha nikaipeleka pikipiki kwa fundi, maana nilipokuwa nimekaa pale nilikuwa nimeona jambo jingine. Vyuma vya klachi na breki vilikuwa vimeinuliwa juu mno kwangu, hivi kwamba kila nilipoweka vidole juu yake kifundo cha mkono kilipinda. Nilimwambia avizungushe chini kidogo, mpaka mkono wangu unyooke na kiwiko. Fundi akasema vimekaa hivyo tangu pikipiki itoke kiwandani. Nikamwambia mimi sikutoka kiwandani. Akavizungusha.

Safari yenyewe ilikuwa shule. Niliibana tangi kwa magoti, nikakaa kwa tumbo na mgongo, nikaiacha mikono ikae juu ya vishikio kama inavyokaa juu ya mchi. Ilichukua kama dakika moja, kisha ikasahau, ikabana. Nikaifungua. Ikabana tena. Nikaanza kuisema kwa sauti, kama mtu anavyomsema mtoto asiyesikia. Palipokuwa pamenyooka niliufungua mkono wa kushoto kabisa, nikapiga paja, nikaurudisha. Mkono wa kulia, wenye kazi ya mafuta, niliuhamisha, mara nasukuma kwa kiganja, mara kwa vidole. Nilisimama kwenye kivuli kabla haijauma, jambo ambalo zamani nilikuwa naona ni uvivu, nikaitikisa mikono ikining'inia chini, nikaendelea. Mwenda pole hajikwai, na siku ile alifika pia.

Barieri ndiyo iliyokuwa mtihani. Niliiona kamba kwa mbali na papo hapo vidole vikajikunja. Nilipunguza mwendo nikivikaripia, fungua, fungua, nikafika mbele ya wale watu midomo yangu ingali inakwenda. Wakaniuliza nazungumza na nani. Nikasema na mikono yangu. Walitazamana, wakashusha kamba upesi, wala hawakuuliza mfuko wangu una nini.

Magoti yalikuwa yanatetemeka nilipofika Komanda, na nilishuka nikitembea kama bata. Nilikuwa nimehamishia taabu miguuni. Lakini miguu haipimi mimba. Nikagusa ukuta wa mbao wa kituo. Nilisikia mikwaruzo ya randa. Nilisikia kichwa cha msumari, na baridi yake. Nilisimama pale nikiupapasa ukuta mpaka mlinzi wa malori akauliza kama nimepoteza kitu.

Mwanamke yule alikuwapo, mwisho kabisa wa benchi. Kila nilipoita anayefuata alimsukuma mwenzake mbele. Aliwaachia wote, hata waliokuja baada yake, na mimi nilijua anachofanya. Anayeogopa jibu hupenda foleni ndefu. Niliwapima wale wengine kwa furaha ambayo nilijitahidi kuificha, maana mkunga anayecheka peke yake huwatia watu wasiwasi. Nilikuta vichwa mahali pa vichwa. Nilikuta mmoja aliyekaa vibaya, nikampangia safari ya kuja kuzalia Bunia. Nilisikia kila kitu.

Benchi likabaki na yeye peke yake. Akaingia, akalala, akafunua tumbo. Hakulitazama tumbo wala mikono yangu. Alinitazama usoni, bila kupepesa.

Nikaweka viganja. Mgongo ulikuwa upande wa kushoto, mrefu, unateleza vizuri. Matako juu, chini ya mbavu. Nikashuka, nikapata kichwa, nikakisukuma kidogo, kikacheza peke yake. Nikarudi upande wa kulia kutafuta miguu, nikangoja. Nilingoja kwa muda, na nilijua kwamba lolote nitakalosema sasa halitaaminiwa, kwa hiyo nilifunga mdomo. Naye alingoja. Nje lori lilikuwa linawashwa, likakataa, likawashwa tena.

Mtoto akanipiga teke katikati ya kiganja cha kulia. Lilikuwa teke la haki, la mtu aliyechoka kusumbuliwa. Nilicheka kabla sijapata nafasi ya kuuandaa uso wangu.

"Umesikia," alisema. Hakuwa anauliza.

"Nimesikia. Ni muguu. Na iko mukali sawa wifi yangu."

Macho yake yakiwa bado usoni pangu, machozi yakaanza kumtoka yakiingia masikioni, naye hakuyafuta. Mimi pia nililia, sioni haya kulisema. Mtoto alipiga tena, na safari hii tuliangalia wote wawili mahali alipopiga.

Wanawake wenye mimba wana swali moja ambalo huniuliza kabla hata hawajakaa vizuri. Wanaliuliza mlangoni, wanaliuliza njiani wakinipungia. Yeye katika miezi yote ile hakuwahi kuniuliza. Alijifunika kitenge, akainuka, akakaa ukingoni mwa kitanda karibu yangu.

"Sasa," akasema, "atazaliwa siku gani?"

Nikainua mikono yote miwili mbele yake, nikaanza kuhesabu majuma, nikigusa kila kidole kwa kidole gumba, na kila nilichokigusa nilikikuta.